Mafuta ya Kula Kwenye Cheni

Kila Jumamosi, nikishakunywa uji, naitoa pikipiki stoo na kuisimamisha kwa stendi ya kati kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Siku hizi siendi nayo mbali. Inanifikisha kanisani na sokoni, na wakati wa kiangazi, nguvu zikiruhusu, inanipeleka Nyarubungo kwa binti yetu aliyeolewa huko. Lakini siku ya kuisafisha haibadiliki. Natandika gunia kuukuu chini ya gurudumu la nyuma, namimina mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, nachukua mswaki uliochakaa, na kuanza kusugua cheni kiungo kwa kiungo huku mkono mwingine ukizungusha gurudumu taratibu. Injini inakuwa imezimwa. Nalisema hili kwa sababu nimewaona vijana wa bodaboda wakisafisha cheni huku injini inanguruma, na nimeviona pia vidole vyao.

Uchafu ukishatoka naikausha cheni kwa kitambaa, naiacha ipigwe na hewa, kisha naidondoshea oili nzito ya gia upande wa ndani, ule unaokutana na meno. Halafu nafuta tena. Jirani mmoja huniuliza kwa nini naweka mafuta na kuyafuta. Namwambia mafuta ya kazi ni yale yaliyoingia ndani ya viungo. Yaliyobaki nje yanangoja vumbi tu, na vumbi la kwetu halisubiri kualikwa.

Hapo ndipo ninapomwita mke wangu. Cheni haipimwi pikipiki ikiwa tupu. Lazima mtu aikalie, maana mzigo ukishuka nyuma, cheni hukaza. Yeye hukaa upande, miguu pamoja, mikono juu ya mapaja, kama anayesubiri kupigwa picha.

"Leo tunakwenda wapi?" huuliza.

"Hatuendi popote. Tulia."

"Miaka yote nakalia pikipiki isiyokwenda. Wenzangu walioolewa na wenye baiskeli wameshafika Mwanza."

Namwacha aseme. Nainama, naisukuma cheni juu kwa kidole, katikati, nione kama inapanda upana wa vidole viwili. Ikipanda zaidi, nalegeza nati ya ekseli na kulivuta gurudumu nyuma kidogo, upande huu na upande ule kwa kiasi kilekile, nikifuata alama zilizochongwa kwenye chuma. Alama zisipolingana gurudumu linakaa mshazari, na cheni inaanza kula meno. Mwisho nagonga spoku moja moja kwa spana. Iliyokaza inalia vizuri. Iliyolegea inatoa sauti ya kopo.

Haya yote nilifundishwa nikiwa kijana, wala sikuyasahau hata siku moja. Niliacha tu kuyafanya, na aliyelipia uvivu wangu ni mama mkwe.

Nilikuwa bwana shamba wa Keza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasomea kilimo, nikapewa pikipiki ya ofisi pamoja na mafunzo ya kuitunza. Mwanzoni niliitunza kama ng'ombe wa mahari. Kisha wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka.

Walioishi Ngara miaka ile hawahitaji kusimuliwa, na wasioishi huko sijui kama nitaweza kuwaeleza. Vilima vya upande wa Kasulo nilivyovijua kwa nyasi zake nilivikuta vimegeuka bluu ya maturubai mpaka macho yanapoishia. Miti ilikwisha. Barabara ambayo zamani tukisikia gari tulitoka nje kulitazama, sasa ilikuwa haitulii, malori ya msaada yakienda na kurudi, na vumbi jekundu likikaa juu ya migomba mpaka mvua ije iioshe.

Lakini palizuka pia soko. Kambini walipewa mahindi, maharage na mafuta ya kula ya makopo. Sisi tulikuwa na ndizi, na wao walizitamani ndizi kwa sababu ndicho chakula walichokiacha nyumbani. Mke wangu alikuwa anapeleka ndizi na kurudi na mafuta. Nyumba yetu, ambayo zamani ilipima mafuta kwa kijiko, ikawa na makopo yamepangana chini ya kitanda.

Oili ya mitambo ndiyo iliyoadimika. Malori yaliimaliza yote, na ofisini kila nikiuliza naambiwa nisubiri. Jioni moja cheni ilikuwa inalia vibaya, nikachungulia chini ya kitanda, nikatoa kopo, nikaimwagia mafuta ya kula. Ikanyamaza palepale. Nilifurahi kama niliyevumbua kitu. Kesho yake nikawaambia wenye pikipiki na baiskeli wote niliowafahamu, nao wakafuata, kwa sababu aliyewaambia ni msomi. Kwa muda ule Keza nzima ilinukia jikoni. Kuku walikuja kudonoa gurudumu langu. Mbwa wa jirani aliilamba cheni kwa bidii mpaka nikamfukuza na fimbo.

"Mfukuze polepole," mke wangu aliniambia. "Huyo ndiye fundi wako pekee. Na kesho ukiikaanga pikipiki usisahau chumvi."

Mafuta ya kula hayakai kuwa mafuta. Yakipigwa na jua na kuchanganyika na vumbi, yanakuwa ulimbo. Viungo vya cheni vikaanza kugoma kukunjika. Kelele ikarudi, nami nikaongeza mafuta. Ikawa inarukaruka juu ya meno, nikadhani imelegea, nikaikaza. Sikumwita mtu akae juu yake nipime. Sikutazama alama za gurudumu. Nilikaza mpaka ikawa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, nikajipongeza kwamba kazi imekwisha.

Sasa niseme juu ya mama mkwe. Alikuwa mjane, anakaa ng'ambo ya bonde, na alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, mdogo wake wa kike, aliyeolewa ng'ambo ya mto, Burundi. Hawakuwa wameonana tangu mke wangu alipokuwa mtoto wa mgongoni.

Kwetu siku zile mwanamume na mama mkwe wake hawakushikana mikono, hawakula pamoja wala kutazamana usoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu alitoka akageukia migombani. "Shikamoo mama" yangu niliitoa nikiwa nimeelekea pembeni, na "marahaba" yake ilipita nyuma ya khanga. Akiwa na neno nami, alimtuma binti yake. Hatukuuona kama uadui. Ndivyo tulivyoheshimiana.

Jioni moja mwanamke muuza ndizi alipita kwa mama mkwe akitoka kambini. Alimwambia amemwona mdogo wake, hana shaka ni yeye, kovu la moto shavuni liko palepale. Alimwambia pia kwamba watu wa sehemu ile ya kambi wanahamishwa kesho, wanapelekwa kambi nyingine mbali upande wa kusini, na malori yataondoka mchana.

Mama mkwe alivuka bonde giza likiingia. Alikaa jikoni kwetu, mimi nikiwa nje ya ukuta, mke wangu akiwa amesimama mlangoni kati yetu.

"Mwambie mumeo mimi nakwenda kwa miguu," alisema mama mkwe. "Naanza sasa hivi."

"Mama, kwa miguu utafika wameshaondoka."

"Basi aniazimie baiskeli kwa jirani."

"Lini umejifunza kuendesha baiskeli?"

"Nani kasema naendesha? Nitaisukuma. Itanibebea mzigo."

Mimi nikasema kwa nguvu huko nje, "Mwambie mama nitampeleka kwa pikipiki. Tukitoka alfajiri, asubuhi watakuwa wamekaa pamoja."

Kisha nikamsikia, kwa sauti ya chini, "Nitashika nini? Nimshike mkwe wangu kiuno, watu wanione?"

Mke wangu ndiye aliyelitatua. Mama alikuwa ameandaa unga wa muhogo wa kumpelekea mdogo wake, aliyekuwa hajala ugali wa nyumbani tangu akimbie. Mke wangu akaufunga vizuri kwenye gunia, akasema gunia litakaa katikati. Mimi mbele, unga katikati, mama nyuma akishika chuma cha kubebea mzigo.

"Hapo mtakuwa mmeheshimiana kuliko mkiwa nyumbani," alisema.

Kabla hatujalala aliniuliza kama nimeiangalia cheni. Nikamwambia iko sawa, nimeikaza juzi.

Tuliondoka mwanga ukianza. Mama mkwe alikuwa hajawahi kupanda pikipiki. Kwenye mteremko wa kwanza nilimsikia akisali, kwenye wa pili akacheka, na baada ya hapo akatulia. Mimi nilisikia kitu kingine, ukavu fulani chini ya mguu wangu, kila gurudumu lilipoingia shimoni, kama mtu anayetafuna mchanga. Watu wawili na gunia walikuwa wameishusha pikipiki nyuma, na ile cheni niliyoinyoosha haikuwa na pa kupumulia. Nilijua. Nikasema moyoni itafika.

Haikufika. Kwenye mwinuko mrefu, nilipotia gia ya chini na kuongeza moto, kitu kikapasuka kwa sauti ya chuma, injini ikapiga kelele bure, na tukaanza kurudi nyuma. Nilishika breki. Mama mkwe alishuka kwa kuruka, na kwa umri wake alishuka vizuri. Cheni ilikuwa imelala barabarani nyuma yetu. Kile kiungo cha kuungia, chenye klipu, kilikuwa kimefyatuka.

Nilisimama nikiitazama. Mama mkwe alisimama ng'ambo ya pikipiki, amegeuzia uso porini. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kutumwa. Baada ya muda akaanza kuzungumza na pikipiki.

"We pikipiki," alisema, "muulize mwenye wewe, je, umekufa au umeugua?"

Nami nikaiambia pikipiki, "Mwambie mama umeugua. Kuna vipande vimeanguka. Tukivipata tutaondoka."

"Vinafananaje?"

"Kimoja kina misumari miwili mifupi. Kingine ni kibati chembamba chenye matundu mawili. Na klipu, ndogo kama kucha."

Aliinama palepale. Tulirudi tukitambaa kwenye vumbi, yeye upande mmoja wa barabara, mimi upande wa pili. Malori ya msaada yalipita, nayo hayakuruhusiwa kubeba watu, na kila lilipopita tulifumba macho na kungoja vumbi lishuke ndipo tuanze upya. Mimi nilipata chenye misumari. Yeye alipata kibati. Alikiweka juu ya jani, akalisogeza jani kwa kijiti mpaka karibu yangu, ili asinipe mkononi. Klipu hatukuiona kabisa. Mahali pake nilijua nitafunga waya.

Lakini cheni yenyewe ilikuwa imekuwa fimbo. Niliishika ncha moja, nayo ikabaki imepinda ilivyotaka, viungo vimegandamana kwa ule ulimbo wa mafuta ya kula. Isingeweza kuzunguka bila kusafishwa, na mafuta ya taa yalikuwa nyumbani. Nilichomoa mpira wa petroli chini ya tangi.

"Pikipiki, mwambie mama nahitaji chombo."

Alikuwa na bakuli moja la bati, jipya, lenye maua, alilokuwa anampelekea mdogo wake. Alilifungua kutoka kwenye khanga, akalitazama, akaliweka chini karibu na mguu wangu. Nikakingia petroli humo, nikaitumbukiza cheni, nikaanza kuikunja na kuikunjua kwa vidole. Alikuja akachuchumaa upande wa pili wa bakuli, akashika ncha nyingine, akaanza kukunja kama mimi. Tulikutana katikati. Vidole vyetu viligusana ndani ya petroli, na hakuna aliyetoa mkono.

Jua lilikuwa linapanda. Kila nilipolitazama, naye alilitazama.

Kuirudisha kulihitaji mikono minne. Nililegeza ekseli, nikalisukuma gurudumu mbele, yeye akalishikilia lisimame wima huku mimi nikizungushia cheni na kuingiza misumari ya kiungo. Nikafunga waya kwa koleo. Kisha nikafanya yale niliyofundishwa. Nililivuta gurudumu nyuma kidogo kidogo, nikatazama alama za upande wangu na za upande wa pili, zikalingana. Nikaiambia pikipiki imwombe mama akae juu ya gunia. Akakaa. Nikasukuma cheni kwa kidole, ikapanda vidole viwili.

Ndipo aliponisemesha mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Uso wake ulikuwa umenielekea.

"Baba, hiki ulichokifanya sasa, kilitakiwa kufanywa jana?"

"Ndiyo, mama. Kilitakiwa jana."

Alitikisa kichwa kidogo. "Haya. Twende."

Tulifika jua likiwa limeshapita utosini. Malori yalikuwa yamepangwa barabarani, watu wameshapanda na injini zinanguruma. Askari alitunyooshea mkono tusisogee. Mama mkwe alipita chini ya ule mkono kama hakuuona, akaanza kutembea kando ya malori akiita jina la utotoni la mdogo wake. Mimi nilimfuata na gunia begani. Aliita lori la kwanza, la pili, mpaka sauti yake ikakwaruza. Kisha juu ya lori moja mtu akajibu. Ilikuwa sauti ileile yake, kama ameitikiwa na yeye mwenyewe.

Mdogo wake alipenyeza mikono kati ya mbao za ubavuni. Wakashikana. Kisha yule wa juu akaitazama mikono aliyoishika.

"Yewe! Mbona mikono myeusi hivi? Umekuwa muuza mkaa?"

"Nimetengeneza pikipiki."

"Wewe?"

"Mimi na mkwe wangu. Yule pale."

Yule wa juu aliniangalia, na vizee wawili wakacheka, wakacheka mpaka wanaume waliokuwa kwenye lori nao wakacheka bila kujua ni nini. Niliusukuma unga juu, wakaupokea. Mama mkwe akaanza kusema haraka haraka nani amekufa na nani amezaa, na mdogo wake akawa anaitikia, na bado walikuwa kwenye waliokufa lori lilipoanza kutembea. Alitembea nalo, mkono umeshika mkono, kisha akakimbia kidogo, kisha akasimama.

Hawakuonana tena. Yule mdogo alizikwa huko walikohamishiwa, na habari zilitufikia baada ya matanga kwisha.

Nimekwisha kujifanyia hesabu yangu wala sihitaji kusaidiwa. Cheni safi ingetufikisha asubuhi. Wangekaa chini, mama angempikia mdogo wake ugali, wangemaliza waliokufa na kufika kwa walio hai. Nilikuwa na mafunzo, nilikuwa na spana, na mafuta ya taa yalijaa nyumbani. Asubuhi ile niliila mimi.

Tuliporudi hapakuwa na gunia. Alipanda nyuma yangu, akashika chuma. Penye mashimo alishika koti langu, na alipolishika hakuliachia mpaka Keza, mchana kweupe, watu wakituona. Sikugeuka. Nilimsikia akilia, kisha nikamsikia amenyamaza, kisha akaniambia niangalie mbele kuna mbuzi.

Wiki iliyofuata nilizunguka kwa wote niliowafundisha uvumbuzi wangu, nikawaambia waache, nikawasafishia cheni wale walionikubalia. Baadhi walinicheka. Nilistahili. Makopo ya chini ya kitanda yakarudi kuwa ya jikoni.

Ila nataka kuandika habari ya siku moja baada ya hapo, ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Nilikuwa nimekwenda kwa mama mkwe kukagua migomba yake iliyokuwa inaugua, nikapitia nyuma ya nyumba. Uani alikuwa amekaa na wanawake wenzake wakimenya ndizi, nao wanamtania.

"Mama fulani siku hizi anakumbatia wakwe!"

"Tumesikia ulimshika koti mpaka mlangoni. Hukuona haya?"

"Ningeanguka, mngekuja kuniokota nyie?" aliwajibu.

"Lakini si tuliambiwa pikipiki iliwaharibikia njiani? Si ndiyo maana mlichelewa?"

Nilisimama katikati ya migomba. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki yote ya kusema, na alijua zaidi ya wote, maana alikuwa ameniuliza na nikamjibu.

"Nilimwona mdogo wangu," alisema. "Nilimshika mikono. Mkwe wangu alinifikisha."

"Lakini..."

"Nimesema alinifikisha. Wewe wako amekufikisha wapi?"

Wakaangua kicheko, mwenye kuulizwa akicheka kuliko wote. Mama mkwe alichukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.